Pointi za Nani?

Mpwa wangu ana daftari la hesabu, lile la miraba, ambalo ndani yake hamna hesabu ya shule hata moja. Kuna miti. Ni miti mitatu iliyochorwa kwa rula, kila mmoja una vijumba kumi vilivyounganishwa kwa mistari, na ndani ya kila kijumba kuna namba mbili: pointi ngapi zitaingia pale, na zitaingia akiwa levo ya ngapi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, ameandika: USITUMIE KABLA YA 24. Alinionyesha nyuma ya kibanda cha chakula cha mama yake pale Mikumi, mwezi wa nne mwaka jana, huku malori ya kwenda Tunduma yakipita na kutikisa vikombe mezani.

Gemu lenyewe ni Diablo II, la mwaka 2000. Lina umri mkubwa kuliko yeye. Alilipata kwenye laptopu yangu ya chuo, ambayo nilimwachia nikidhani ataandikia insha.

Kwa ambao hawajawahi kulicheza: unaua mazimwi, unapanda levo, na kila levo unapewa pointi moja ya ujuzi. Mhusika ana ujuzi wa aina 30, na kila aina inapokea hadi pointi 20. Kwa hiyo ukitaka kujaza kila kitu unahitaji pointi 600. Sasa, ukifika levo ya 99, ambayo ndiyo ya mwisho na wengi hawaifikii, na ukamaliza kazi zote maalumu zinazotoa pointi za ziada, utakuwa umekusanya 110. Basi. Kwa kila kijumba unachojaza, unaviacha zaidi ya vinne vitupu. Ndiyo maana vijana wanachora daftari. Wanaita kuchora huko kupanga bildi.

Kuna ujanja zaidi. Ujuzi wa chini ya mti haufunguki mpaka utie pointi kwenye ule wa juu yake, hata kama ule wa juu hutautumia maisha yako yote. (Waliopita kidato cha tano wataikumbuka GS.) Na ujuzi wenye nguvu unafunguka ukishafika levo fulani tu. Mpwa wangu anacheza na mchawi wa kike, mti wa barafu, na ile dhoruba yake anayoitaka inafunguka levo ya 24. Jioni ile alikuwa levo ya 15, ana pointi tisa mkononi ambazo hajazitumia, na alikuwa anapigwa na kila kitu kinachotembea. Anakimbia, anakunywa dawa, anakufa, anarudi kuchukua vitu vyake, anakufa tena.

"Si uweke hata mbili tu upumue?" nikamuuliza.

"Mjomba, nikiziweka hapa nitazijutia kule mbele."

Nimekaa na jibu hilo kwa muda mrefu kuliko alivyodhani. Maana wiki hiyohiyo dirisha la kubadili tahasusi lilikuwa wazi kwenye mtandao. Mwanafunzi wa Tanzania anajaza fomu ya machaguo, tunayoiita Selform, kabla hajafanya mtihani wa kidato cha nne. Matokeo yakishatoka, TAMISEMI hufungua mfumo kwa siku kadhaa ili anayetaka kubadili abadili: tahasusi ya kidato cha tano, au kozi za vyuo. Enzi zetu tahasusi zilikuwa chache, kila mtu anazijua kwa kichwa kama majina ya vituo vya basi: PCM, PCB, HGL, HKL. Mwaka 2024 serikali ilitangaza nyingine mpya hadi zikafika 65. Mti umekua. Na aliyekuwa ananiita Mikumi hakuwa kijana, alikuwa mama yake. "Njoo uongee na mtoto wako," aliniambia kwenye simu. Akisema "mtoto wako" najua mambo yameharibika.

Dada anataka PCB. Kijana amefaulu vizuri, daraja la pili, baiolojia ameichapa. Yeye anataka ufundi wa magari makubwa, na VETA ipo hapohapo Mikumi, si mbali na kibanda. Mimi nikaitwa niwe hakimu, kwa sababu ndiye niliyesoma.

Nirudi nyuma kidogo kwenye gemu, maana mimi nina historia nalo.

Nililianza mwaka wa kwanza chuoni, 2010, kwa nakala ya zamani niliyopewa na jamaa wa bweni. Katika nakala hiyo pointi ukishaiweka imekwenda. Hakuna kuirudisha. Mimi sikuwa na daftari. Nilimchukua mchawi huyohuyo, nikaweka moto kidogo kwa sababu moto unapendeza, nikaweka radi, barafu nayo nikaionja. Mpaka katikati ya safari nilikuwa mfalme. Kisha nikafika ngazi ya tatu ya ugumu, inayoitwa Jehanamu, ambako mazimwi mengine moto haugusi, mengine barafu haigusi, na kile kidogo ulicho nacho cha tatu hakitoshi kuua hata nzi. Miezi minne ya usiku ikawa haina maana. Nikaanza upya.

Mwaka huohuo wa 2010 watengenezaji walitoa toleo lililoruhusu kurudisha pointi: unamaliza kazi ya kwanza, unamwendea mama mmoja kambini anayeitwa Akara, anakurudishia zote upange tena. Mara moja kwa kila ngazi ya ugumu, yaani mara tatu. Baadaye Diablo III ya 2012 ikaachia kabisa: badili ujuzi utakavyo, bure, muda wowote. Wakongwe walilalamika sana. Walisema chaguo lisilo na gharama si chaguo, na mhusika anayeweza kuwa chochote si mtu bali ni kabati la nguo.

Nakiri nilikuwa upande wa wakongwe. Nilibishana hivyo kwenye meza nyingi, na si kuhusu gemu peke yake. Nilikuwa naamini, kwa kujidai kwa mtu wa miaka ishirini na kitu, kwamba uzito wa maisha unatokana na kutorudi nyuma. Mtu ni jumla ya milango aliyoifunga. Ilisikika vizuri. Ukipita barabara ile inayokata Hifadhi ya Mikumi, kilomita zipatazo 50, kuna mabango yanayotaja faini ukigonga mnyama, kila mnyama na bei yake. Niliwahi kuandika kwamba bango lile ndilo somo bora la maadili nchini: fedha utalipa, lakini pundamilia hainuki. Wasomaji walinipongeza.

Nilichokuja kukigundua baadaye ni kwamba wanaosifu chaguo lisilorudi, karibu wote, ni watu ambao chaguo lao liliwakubali. Sijawahi kumsikia kibarua wa mkonge akilisifu.

Naisema mkonge kwa sababu natoka Kilosa. Ukitaka kuona mji uliopanga bildi yake kwa uangalifu, ukaweka pointi zote kwenye mti mmoja, nenda Kimamba ukaangalie. Katikati ya miaka ya 1960 Tanzania ilikuwa inazalisha zaidi ya tani laki mbili za mkonge kwa mwaka, na sehemu ya utajiri huo ilitoka kwenye mashamba ya kwetu. Wazee walikuwa na hakika. Mtoto akijua kukata mkonge, akijua mashine ya kusaga majani, akijua kupakia robota kwenye behewa, basi ana maisha. Kisha kamba za nailoni zikaja, bei ikaanguka, na mengine tuliyafanya wenyewe. Aliyekuwa na pointi ishirini kwenye mkonge alikuta zimwi ambalo mkonge haulidhuru. Reli nayo hivyohivyo: ilikuwa kiburi cha Kilosa, kisha mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na Januari 2010 yakaja, Mto Mkondoa ukabomoa njia na maelfu wakakosa makazi. Leo treni ya umeme ya SGR inapita na kusimama Kilosa, na fundi wa injini za zamani anaitazama kama mtu anayetazama harusi ya jirani.

Hapo ndipo gemu linapotudanganya kuhusu kupanga. Daftari la mpwa wangu lina akili kwa sababu mwisho unajulikana. Zimwi la mwisho lina majedwali yake: moto asilimia kadhaa, barafu asilimia kadhaa, mtu alishapima akaweka mtandaoni miaka ishirini iliyopita na halijabadilika tangu hapo. Unaweza kuanzia mwisho ukarudi nyuma hadi levo ya kwanza. Dada yangu anafanya hivyohivyo na PCB. Anaanzia kwenye koti jeupe, anarudi nyuma: chuo kikuu, kidato cha sita, cha tano, fomu. Kila kijumba kina mstari. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepima zimwi.

Mwanafalsafa wa Marekani, L. A. Paul, aliandika kitabu mwaka 2014, Transformative Experience, chenye hoja inayonisumbua zaidi ya hiyo. Anasema kuna machaguo ambayo yanakubadilisha wewe mwenyewe unayechagua. Huwezi kupima kabla kama utayapenda, kwa sababu atakayeyapenda au kuyachukia ni mtu mwingine ambaye bado hujawa. Kijana wa miaka 17 anamchagulia kazi mtu wa miaka 40 asiyemfahamu. Mchawi wa kwenye gemu habadiliki kwa kupewa barafu; hajalala usiku akigundua kwamba barafu imemfanya aone aibu kukaa na watu wa nyumbani. Kazimoto wa Kezilahabi, katika Kichwamaji ya 1974, ndiye huyo hasa. Elimu ilimpa ujuzi na wakati huohuo ikamnyang'anya aliyekuwa ameutaka. Nilikisoma kitabu hicho kidato cha sita nikadhani kinahusu kukata tamaa. Sasa nadhani kinahusu kutokuwa na mtu wa kumrudishia pointi.

Haya yote niliyapanga kichwani kwenye basi kutoka Kilosa, barabara ya Mikumi inayopita kijiji cha Ulaya. (Ndiyo, kipo. Nilishafika Ulaya mara nyingi kabla sijawa na pasipoti.) Nilikuwa nimeandaa hotuba nzuri: mwache kijana, mwisho haujulikani, ajaribu, akikosea atarudi. Uhuru, majaribio, dirisha limefunguliwa. Nilifika nikiwa nimejiandaa kuwa mjomba wa kisasa.

Dada alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na hakuinua macho. Kisha akasema, "Sawa. Na wewe moyo wako uliufuata kwa pointi za nani?"

Nilikuwa nimemweleza habari za pointi ili anielewe. Alinielewa kuliko nilivyotaka.

Ilikuwa hivi. Mwanzoni mwa 2004 nyumbani kwetu yalifika majibu mawili ndani ya muda mfupi. Mimi nilichaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Yeye, aliyekuwa amenizidi miaka mitatu na akili nyingi tu, matokeo yake ya kidato cha nne yalikuwa ya kwenda cha tano, shule ya bweni, mkoa mwingine. Ufuta mwaka ule haukuwa kitu. Baba alikaa siku mbili hasemi. Siku ya tatu alisema mtoto wa kike amefika mbali ya kutosha, na kwamba mimi ndiyo naanza. Hakuna aliyepiga kelele. Hata yeye hakupiga. Alinishonea sare.

Nimesimulia maisha yangu mara nyingi kama habari ya mtu aliyechagua. Nilichagua HKL wakati mwalimu alitaka PCM, nilichagua uandishi wa habari wakati wajomba walitaka sheria. Yote kweli. Lakini gemu limenizoesha kudhani pointi zinatoka kwa mazimwi uliyoyaua mwenyewe, na ukizipoteza ni hasara yako. Kwenye gemu ni kweli. Kwetu, pointi zilikuwa za nyumba nzima, kapu moja, na kuna mtu aliyebaki levo ya kumi na tano miaka yote ili mimi nifike kijumba changu. Ile miezi minne niliyoipoteza nikionja moto na radi nilikuwa naweza kuipoteza. Bweni lile nililokuwa nakesha ndani yake, mtu alikuwa amelipia.

Sasa swali la maadili, ambalo nilikuwa nimelikwepa kwa msaada wa falsafa nzuri: aliyetoa pointi ana haki gani juu ya mti? Sitaki kusema hana. Ni rahisi sana kusema hana ukiwa ndiye uliyepokea. Wakati huohuo, ikiwa anayo, basi kila mtoto wa mtu maskini ni shamba la kukodi, na mpwa wangu atasomea udaktari ili kulipa deni ambalo si yeye aliyelikopa. Deni lile ni langu. Dada hawezi kunidai mimi, maana udugu haudaiwi hivyo, kwa hiyo anamdai kijana. Nadhani hilo hata yeye analijua.

Kuna kitu kingine nilikiona siku ile. Wingi wa tahasusi, dirisha la kubadili, ada ya kidato cha tano na sita iliyofutwa tangu 2022: hii ni Akara kambini, na ni jambo jema, sitaki kulibeza. Nyumba yetu ingekuwa nyumba nyingine kama lingekuwepo 2004. Lakini linarudisha pointi za anayecheza sasa hivi. Aliyemaliza mchezo wake kwa kumpisha mwenzake hayumo kwenye mfumo. Hakuna jina lake pale pa kubofya.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, laptopu imefungwa kwapani. Akauliza, "Mama, wewe ulichagua nini? Kwenye fomu yako?"

Miaka ishirini na moja mimi sikuwahi kuuliza. Naandika kwa kazi, nauliza maswali kwa kazi, nimewahi kuwauliza mawaziri mambo yao ya ndani. Hili sikuwahi.

Dada alijibu bila kufikiri, kama mtu aliyeulizwa namba yake ya simu. "HGL. Nilitaka uwakili." Akataja na shule aliyokuwa ameiweka namba moja, na namba mbili. Akataja jina la mwalimu wa historia. Kisha akacheka kidogo, akasema mawakili wa Mikumi wangekufa njaa, hapa kesi zote ni za tembo na mahindi, na tembo hafiki mahakamani.

Kijana hakucheka. Alimuuliza kwa nini basi yeye anataka PCB na siyo hiyo HGL.

"Kwa sababu HGL ilikuwa yangu," dada akasema.

Sijui kama alisikia alichokisema. Mimi nilikisikia, na ile hotuba yangu ya kwenye basi ikaniishia mdomoni. Sikuwa na haki ya kumwambia mwache kijana afuate moyo wake, kwa sauti ile niliyonunuliwa kwa kukatizwa kwake. Sikuwa na haki ya kunyamaza pia, maana kijana naye alikuwa ananitazama. Nikasema kitu cha kijinga: kwamba hata fundi wa magari anaweza kusoma baadaye. Dada akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike.

"Baadaye," akasema. "Na mimi niliambiwa hivyohivyo."

Dirisha lilikuwa limebakiza siku sita kufungwa. Kijana alikuwa ameshafungua ukurasa kwenye simu yangu, ameingia, chaguo la zamani lipo pale, hajagusa kitu. Alimsogelea mama yake akamwekea simu mbele, juu ya ungo, kati ya maharage mazuri na mabovu. Hakusema neno. Dada aliitazama mpaka kioo kikazima chenyewe. Akakigusa kikawaka, akasoma tena kutoka juu, polepole, kila mstari, mdomo ukitembea.

Kisha simu yake mwenyewe ikalia. Kondakta wa basi la wanafunzi, wametoka Iringa, wako watu hamsini na kitu, watafika baada ya nusu saa na wanataka wali. Alisimama, akanipa kisu na gunia la vitunguu, akamwambia kijana aongeze mkaa.

"Na hii?" kijana akauliza, simu mkononi.

"Iache hapo, usiizime," dada akasema. "Wakishakula tutakaa."

Tukaanza kumenya.